Bidhaa mpya kutoka karakana ya nakshi, Lamu

Karakana nyingi za Lamu zina mafundi hodari, ila bidhaa ni zilezile: mlango, sanduku, fremu ya kioo. Kinachokosekana ni nafasi ya kujaribu bila kuogopa hasara.

Tenga kikapu cha vipande vya mbao visivyofaa kwa oda, na saa mbili kila Alhamisi baada ya alasiri. Kila mtu alete mchoro mmoja, na mwanagenzi aseme kwanza. Fundi mkuu akitangulia, wengine wataitikia tu. Bei na soko msivitaje bado. Vina zamu yake.

Mawazo yakigoma, badilisheni kitu kimoja, mengine myaache. Flipflopi, jahazi lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, liliundwa kwa plastiki na ndara chakavu, lakini ufundi ni uleule wa kuunda majahazi. Kwenu inaweza kuwa nakshi ya mlango kwenye kishikio cha trei.

Chagueni mawazo mawili, sampuli tatu kila moja, gharama isizidi shilingi 1,500. Mkivuka hapo mtaitetea kazi kwa sababu ya pesa zilizozama, hata kama ni mbaya.

Majaribio yafanyike Aprili hadi Juni, wageni wakiwa wachache. Oda zikishajaa hakuna atakayeshika patasi kwa kubahatisha. Julai wekeni sampuli dukani wiki mbili, zikiwa na bei kamili. Sifa za wageni msizihesabu, hesabuni zilizonunuliwa. Isiyotoka kabisa, muulizeni mpita njia angeitumia kwa kazi gani kabla hamjaitupa.