Moyo wa mtoto aliyepona saratani: namna ninavyoufuatilia wa binti yangu

“Mama, mimi si nilishapona?” Binti yangu aliniuliza hivyo Mbagala, tukisubiri daladala ya kwenda kwenye kipimo cha moyo. Ana miaka 19. Alipokuwa na miaka 4 alitibiwa uvimbe wa figo, figo moja ikatolewa, na kweli saratani imekwisha. Ila moyo uliopita kwenye zile dawa ndio huohuo anaotembea nao leo.

Mzazi mwenzangu, siku tuliyoruhusiwa kutoka wodini hakuna aliyeniambia haya.

Anza na dawa nyekundu

Mama yeyote aliyekaa wodi ya watoto wenye saratani anaikumbuka dawa yenye rangi ya juisi ya rozela, na mkojo wa mtoto unaotoka mwekundu baada yake. Ni doksorubisini; kwenye baadhi ya karatasi utaona Adriamycin. Ndugu yake, daunorubisini, hutumika kwenye saratani ya damu. Hata leo ningekubali apewe, maana bila dawa hizi watoto wengi tungewazika. Lakini huua baadhi ya chembe za msuli wa moyo, na chembe hizo hazioti tena kama ngozi. Fikiria mkokoteni wa Kariakoo uliozoea kusukumwa na watu sita, sasa wamebaki wanne. Barabara tambarare hutaona tofauti. Ukifika mlimani ndipo wanapohema, na mlima wenyewe unaweza kuja miaka 15 au 20 baadaye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mtoto alipata jumla ya kiasi gani. Nilipofuatilia, faili letu halikupatikana. Kilichotuokoa ni daftari nililokuwa nikienda nalo kliniki, lenye jalada lililochanika, ambamo wauguzi waliandika kila dozi. Nilikuta 35 imeandikwa mara tano. Hizo ni miligramu alizochomwa, lakini madaktari huhesabu kwa kila mita mraba ya eneo la nje la mwili, ambayo hupatikana kwa urefu na uzito wa mtoto wa wakati ule. Mwili wake ulikuwa mita mraba 0.7. Gawanya 35 kwa 0.7 unapata 50. Mara tano, 250.

Kwa miongozo ya kimataifa, 250 na kuendelea ni kundi la hatari kubwa, na moyo upimwe kila baada ya miaka 2. Kuanzia 100 hadi chini ya 250, kila baada ya miaka 5. Kama alipigwa mionzi kifuani, hiyo nayo inahesabiwa, hata kama hakupata dawa nyekundu. Usipige hesabu peke yako ukaishia hapo. Mpelekee daktari namba zako azihakiki.

Siku ya kipimo

Kipimo chenyewe kinaitwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hapa Dar kinafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, palepale Muhimbili, na hospitali nyingine kubwa. Mwambie daktari aandike kwenye rufaa kwamba mgonjwa alipata dawa hizo utotoni, na kiasi chake. Akiandika “uchunguzi wa moyo” tu, msichana wa miaka 19 asiyeumwa chochote anaonekana amekuja kupoteza muda wa watu.

Haiumi. Analala ubavu wa kushoto, anapakwa jeli ya baridi, kifaa kinatembezwa kati ya mbavu. Usiridhike na kuambiwa “mzima”. Omba karatasi, utafute asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo. Kwa kawaida ni 55 au zaidi. Ya binti yangu ilikuwa 58, na nilikuwa na karatasi ya zamani yenye 64. Zote ni nzuri. Daktari alisema tofauti hiyo inaweza kuwa ya upimaji tu, ila turudi baada ya mwaka mmoja badala ya miwili. Bila ile karatasi ya zamani asingekuwa na cha kulinganisha.

Nyumbani

Hapa nasisitiza presha kuliko kitu kingine chochote. Kwa moyo wa namna hii presha ndiyo mlima wenyewe, na mtoto wa figo moja ana sababu ya ziada ya kuipata. Tunapima kila mwezi. Chumvi ya mezani nimeiondoa. Diklofenaki ya kununua duka la dawa kila mgongo ukiuma nimempiga marufuku, maana inaumiza figo na moyo. Sigara na shisha asiguse. Mazoezi ni mazuri kwake, ila kunyanyua vyuma vizito aulize kwanza.

Akianza kuhema kwa ngazi alizozizoea, miguu kuvimba, au kushindwa kulala bila kuegemea mito, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni siku hiyohiyo.

Na kwa mabinti: mimba huongeza kazi ya moyo sana. Apimwe eko kabla ya kubeba, au mapema katika miezi mitatu ya kwanza, na mkunga aambiwe siku ya kwanza ya kliniki, hata kama mama mkwe yupo na binti anaona aibu kutaja saratani. Wangu amepiga picha ukurasa wenye zile 35 tano, anao kwenye simu. Daftari lenyewe nalitunza mimi, mpaka atakapohamia kwake.