Somo: Ukaguzi wa madirisha kabla hujanunua au kupanga nyumba Mwanza

Wengi wakienda kuona nyumba hufungua dirisha moja la sebuleni, wakatazama ziwa, wakaridhika. Kioo ni kitu rahisi kubadilisha. Kinachokula pesa ni ukuta unaozunguka dirisha na njia ya maji, kwa hiyo muda wako mwingi uishie huko. Nyumba ya vyumba vitatu ipe kama saa nzima. Dalali atakuharakisha, mwache asubiri kwenye bodaboda yake.

Beba futi, pima maji, tochi, bisibisi bapa, chupa ya maji ya lita 1.5 na simu ya kupigia picha. Kama ni vuli au masika, nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku, kabla kuta hazijakauka.

Hatua ya 1: Zunguka nje. Tazama kona nne za kila dirisha. Ufa unaotoka kwenye kona na kupanda kwa mshazari ndio wa kuogopa, hasa nyumba za mlimani kama Bugarika, Igogo au Mabatini. Huko nusu ya msingi inaweza kuwa juu ya jiwe na nusu juu ya kifusi. Jiwe halishuki, kifusi kinashuka, na ukuta unapasukia mahali palipo dhaifu, yaani kwenye kona ya dirisha. Ufa mwembamba usiofika milimita 1 mara nyingi ni wa plasta tu. Ukizidi milimita 5, usilipe hata senti kabla mhandisi hajaja. Kisha ingia ndani utafute ufa huohuo: ukiukuta pande zote mbili, tofali limepasuka, si plasta.

Rangi mpya iliyopakwa kwenye kona moja tu isikupumbaze. Laza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga upite sambamba nao. Kiraka chochote kitaonekana kimevimba.

Halafu shika pima maji chini ya linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha. Ikiwa katikati pameshuka, linta imepinda. Dirisha litabana leo au kesho, hata ukibadilisha fremu.

Hatua ya 2: Kizingiti cha chini. Mwaga maji kidogo juu yake. Yakimbilie nje. Yakisimama au yakirudi kwenye fremu, mteremko haupo. Pitisha kidole chini ya ukingo unaotokeza: panatakiwa pawe na mfereji mdogo wa kukatia maji. Usipokuwepo, maji yanageuka na kushuka na ukuta, na utaona michirizi myeusi chini ya dirisha.

Hatua ya 3: Fremu. Pima kwa mshazari, kona kwa kona, mishazari yote miwili. Tofauti ya milimita 2 au 3 ni kawaida. Ikifika sentimita 1, fremu imefungwa vibaya au ukuta umeisukuma. Kama ni ya mbao, chomeka bisibisi kwenye kona za chini. Mbao nzima itaikataa. Iliyoliwa na mchwa itaimeza.

Hatua ya 4: Reli ya chini. Hapa ndipo madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanapofeli, na kwa Mwanza kuna sababu ya pekee. Wale vijidudu vya ziwani wanaokuja kwa mawingu hufuata taa, hufia kwenye reli, wakachanganyika na vumbi kuwa tope jeusi linaloziba matundu ya kutolea maji. Kwangua tope hilo kwa bisibisi, uone kama matundu yapo kweli. Mafundi wengine hawatoboi kabisa. Kisha mimina nusu lita ndani ya reli. Maji yatoke nje ndani ya dakika moja hivi. Yakichuruzika ndani, silikoni imeachia au haikuwekwa chini ya fremu.

Hatua ya 5: Jani (kipande cha dirisha kinachosogea) na loki. Sukuma jani kwa vidole viwili. Likikwaruza, magurudumu yamekwisha, na hayo ni matengenezo madogo. Kisha lifunge, piga loki, jaribu kulinyanyua juu. Likitoka kwenye reli huku limefungwa, mwizi naye atalitoa.

Hatua ya 6: Wavu na grili. Kwenye wavu pima inchi 1, hesabu matundu: 16 au zaidi, mbu hapiti. Grili ishikwe na ukuta. Iliyofungwa kwa skrubu kwenye aluminiamu ni pambo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nyumba ipo Capri Point, grili zote zina kutu. Mwenye nyumba anasema ni hali ya ziwa. Kweli?
Jibu: Hapana. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi kama bahari ya Dar. Kutu hiyo ni ya kukosa rangi ya kuzuia kutu, au maji kusimama pale nondo inapoingia ukutani. Gonga sehemu hiyo kwa bisibisi. Ikibanduka matabaka, nondo imeliwa.

Swali: Chumba ni mita 3 kwa 3, dirisha 1.2 kwa 1.2. Linatosha kwa hewa?
Jibu: Mafundi wengi hushika kanuni ya sehemu 1 ya 10 ya sakafu. Sakafu yako ni mita 9 za mraba, kwa hiyo unatafuta 0.9. Dirisha lako ni 1.44, lakini la kusukuma hufunguka nusu, unabaki na 0.72. Mwanga utakutosha, hewa hapana. Majani ya kufunguka kwa bawaba yangekupa karibu lote.

Swali: Napanga tu, sinunui. Nina haja ya kumwaga maji yote hayo?
Jibu: Reli na loki, ndiyo. Nyufa zipige picha zenye tarehe, mkazitaje kwenye mkataba kabla hujatoa kodi ya miezi 6, usije ukadaiwa siku ya kuhama.

Swali: Dada yangu anasema chumba cha watoto kisiwe na grili isiyofunguka. Na wezi je?
Jibu: Dada yuko sahihi. Moto ukizuia mlango, dirisha ndilo njia iliyobaki. Weka grili yenye mlango wa bawaba, kufuli kwa ndani, ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto anaufikia lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Ukiwa kwenye ukaguzi, lifungue kufuli hilo mwenyewe. Mengi yameganda kwa rangi.