Kuhudumia breki za lori la kijeshi la M35A2

Lori la M35A2 la jeshi la Marekani, lenye injini ya silinda 6 na umeme wa volti 24, huvumilia mengi, lakini breki zake ndizo zinazostahili kushughulikiwa kwanza, kwa sababu magurudumu yote hutegemea silinda kuu moja, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa, na mpira mmoja wa kupitisha mafuta hayo ukipasuka breki zote za miguu hupotea kwa pamoja.

Weka kabari magurudumuni, kisha kagua mipira inayokwenda kwenye ekseli na ubadilishe wowote ulioanza kuvimba au kuchanika, hata kama hauvuji. Hakikisha pia aina ya mafuta ya breki yaliyomo, kwa kuwa malori mengi yalihamishiwa mafuta ya silikoni ya DOT 5, ambayo hayachanganyiki na DOT 3, aina nyingine ya mafuta ya breki.

Unapotoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, anzia kwenye kifaa kinachoongeza nguvu ya breki kwa upepo, halafu magurudumuni, mmoja akikanyaga pedali na mwingine akifungua skrubu ya kutolea hewa, na kuifunga kabla pedali haijaachiliwa. Breki ya mkono, inayoshika shafti ya kupeleka nguvu magurudumuni, ndiyo akiba pekee. Kwangu, lori halitoki uani kabla haijajaribiwa.