Ukoka wa Pwani na Kosa la Kunyunyiza Kila Jioni

Kila mwaka kaskazi inapokolea, Januari na Februari, wenye nyumba wa Mbezi, Kigamboni na Bagamoyo hunipigia simu kwa lalamiko moja: ukoka umepauka na unakauka ilhali unamwagiliwa kila siku. Ninaandika kwa ajili ya hiyo "kila siku". Kuandaa ardhi, kupanda na kupalilia wengi wenu mnakujua, na fundi aliyewapandia anakujua zaidi. Kinachowatia hasara ya maboza ya maji, na ya kupanda upya baada ya miaka miwili, ni mazoea ya kusimama na mpira saa 12 jioni, kidole gumba kikiwa kimeubana mdomo wake, na kunyunyiza mpaka majani yang'ae.

Mazoea hayo yana chanzo chake. Ukoka unapopandwa kwa vipande, fundi huagiza unyunyiziwe mara mbili au tatu kwa siku, na anaagiza sawasawa, maana kipande kisichoota mizizi hunywa kutoka sentimita 2 au 3 za juu tu, na mchanga wa pwani hukauka sehemu hiyo kabla ya adhuhuri. Lakini agizo hilo ni la siku 14. Fundi akishalipwa haonekani tena, hakuna anayemwambia kijana wa bustani aache, na agizo la wiki mbili linakuwa ratiba ya nyumba kwa miaka.

Katika ua mmoja nilichimbua kwa sepeto kipande cha ukoka wa miaka mitatu, kina cha sentimita 15. Sentimita 3 za juu zilikuwa na unyevu, rangi ya kahawia, na mizizi yote ilikuwa imesongamana humo kama ndevu. Chini yake mchanga ulikuwa mweupe na mkavu, ukimiminika kati ya vidole. Ukoka ni mmea unaoweza kushusha mizizi zaidi ya mita moja ukipata unyevu wa kuufuata, lakini huu haukuwahi kupata sababu ya kushuka. Mmea wa namna hiyo, mgao wa maji ukiingia siku nne tu, hauna akiba popote.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze kwa mpira wako huku ukitazama saa. Ikijaa kwa dakika 1, basi dakika zako 10 za jioni ni lita 200, na katika ua wa mita 10 kwa 10 hizo ni milimita 2, ambazo jua la kesho yake litazichukua karibu zote. Wengine, kwa kuona majani yananyauka, huongeza hadi nusu saa kila siku. Hizo ni lita 4,200 kwa wiki, kupita mahitaji, na bado mizizi inabaki juu kwa kuwa udongo wa juu haukauki kamwe. Ndipo gugu la ndago linapotawala, na majani yanayolala na maji usiku kucha yanapopata mabaka ya ukungu.

Ua huohuo wakati wa kaskazi unahitaji takriban milimita 25 kwa wiki, yaani lita 2,500. Kwenye mchanga yagawe mara mbili, milimita 12 hadi 13 kila mara, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu mchanga hauwezi kushika yote kwa mkupuo mmoja na yaliyozidi yatapita chini ya mizizi. Kwenye udongo wa mfinyanzi au tifutifu toa yote siku moja, polepole, ukipumzika nusu saa katikati yakianza kutiririka. Muda ni kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi. Si jioni, hata kama jioni ndiyo yenye upepo mzuri wa kusimama nje. Asiyeweza kupata lita hizo apunguze ukubwa wa ua wake, asipunguze kipimo.

Usikadirie kwa macho. Panga makopo sita matupu ya nyanya, yenye ukubwa mmoja, sehemu mbalimbali za ua, mwagilia, kisha pima kina cha maji kwa rula. Utashangaa kuona kopo moja lina milimita 20 na jingine 4. Makopo hayo yaache mvua ya vuli inaponyesha, na wiki yenye milimita 25 za mvua usifungue bomba kabisa.

Ukoka uliozoea kunyunyiziwa usikatiwe ghafla. Wiki ya kwanza mwagilia mara moja kwa siku, alfajiri, milimita 5; ya pili na ya tatu, ukiruka siku moja kila mara, milimita 8; kuanzia wiki ya nne ingia kwenye ratiba ya mara mbili. Kati ya siku hizo majani yakijikunja na nyayo zako zikabaki zimechapwa asubuhi, huo ndio wakati wa kumwagilia, hata kabla ya siku yake. Mafanikio utayaona: sepeto itatoka na mizizi mpaka chini.

Wanaotumia visima vya karibu na bahari wana tatizo la ziada, kwani maji yenye chumvi yakinyunyizwa kidogo kidogo hukauka na kuiacha chumvi juu, ncha za majani zikaungua. Hao mara moja kwa mwezi watoe milimita 25 kwa mkupuo, kwa makusudi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Kuhusu kukata, ukoka uachwe sentimita 3 hadi 4 na nyasi za Pemba, zenye majani mapana, sentimita 5 hadi 7, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Mbolea ya urea ni kilo 1 kwa ua wa mita 10 kwa 10, kwenye majani makavu, kisha mwagilia papo hapo.

Badiliko hili lianze Oktoba, vuli inapokaribia, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kaskazi. Anayesoma haya Januari ukoka ukiwa umeshapauka aendelee na unyunyizaji wake, ila auhamishie alfajiri, na asubiri masika.