Bolti ya pete: ya kukagua kabla mzigo haujaachana na ardhi

Kombora la mzinga la milimita 155, mfano M107 lenye uzito wa kilo 43 hivi, husafirishwa bila fyuzi, yaani kifaa cha kulilipua kinachofungwa kwenye ncha. Mahali pa fyuzi hufungwa bolti fupi yenye pete: inazuia mchanga na maji, na papo hapo inakuwa pa kutia kulabu. Hufunguliwa fyuzi ikiwa tayari, si kabla.

Hiyo hubeba kitu kimoja, wima. Hatari iko kwenye injini, giaboksi na jenereta, ambako bolti mbili au nne hunyanyua kwa pamoja, na minyororo yake hutanuka kwa pembe. Bolti ya pete ina nguvu zake zote inapovutwa kufuata urefu wake tu. Kwa kiwango cha Ujerumani cha DIN 580, bolti ya M20, yaani yenye kipenyo cha milimita 20, huruhusiwa kilo 1,200 wima, lakini kilo 860 mnyororo ukilala nyuzi 45. Majedwali ya Marekani ni makali zaidi: kwa pembe hiyo hubakiza asilimia 30 ya uwezo wa wima. Mimi hufuata lile kali. Tena mvuto wenyewe hukua. Minyororo miwili ikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja hubeba sawa na mzigo mzima. Boriti ya kutenganisha minyororo ipakiwe garini tangu mwanzo.

Hesabu hizo ni za bolti yenye bega, yaani ukingo mpana chini ya pete, na bega lenyewe liwe limekaa juu ya chuma na kukigusa pande zote. Likibaki na mwanya, shingo hupinda. Isiyo na bega ivutwe wima tu. Pete ielekee upande wa mnyororo. Isipoelekea, tia washa nyembamba chini ya bega, usiikaze kwa nguvu kupita kiasi.

Meno ya bolti ndiyo yanayonitisha zaidi. Jeshi lenye magari ya Marekani na ya Ulaya lina bolti za inchi na za milimita katika sanduku moja. Ya M12 huingia katika tundu la nusu inchi, yaani milimita 12.7, na huonekana imeshika. Haijashika. Soma alama iliyogongwa kwenye pete. Isiyo na alama usiitumie kunyanyulia. Iliyopinda usiinyooshe, itupe.

Kamba moja isipitishwe katika pete mbili, maana huzivuta zielekeane. Kisha nyanyua kiasi cha shubiri, simamisha kreni, na ukague kila bega upya, bila mtu yeyote chini ya mzigo.