Boxer inapochakacha: kubadilisha tenshena ya cheni ya taimingi

Asubuhi hapa Ifakara, kabla bodaboda hawajatawanyika kwenda stendi na kwenye mashine za mpunga, ninaweza kukuambia pikipiki ipi ya Boxer imechoka tenshena, kile kifaa kinachokaza cheni ya ndani ya injini, bila hata kuinuka kwenye kigoda changu. Ikipigwa kiki inawaka vizuri, halafu upande wa kushoto unaanza mlio wa chaka-chaka-chaka, kama mtu anatikisa kopo lenye karanga. Ukivuta mafuta kidogo mlio unapungua. Ukiachia, unarudi. Mwenye pikipiki ananiambia, "Ikipata moto inanyamaza fundi, haina shida." Kauli hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya kibanda.

Ngoja kwanza tujue tunashika nini. Boxer, iwe BM100 au BM150, kamshafti yake (mhimili unaofungua valvu) imekaa juu kwenye silinda hedi. Inazungushwa na cheni nyembamba, ndiyo ya taimingi, inayotoka kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), inapanda ndani ya tundu la bloku upande wa magneti (gurudumu lenye sumaku za kuzalisha umeme). Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Cheni hiyo haina mtu wa kuiona wala kuipaka grisi; inaishi kwa oili ya injini tu. Mbele inavutwa na kranki, kwa hiyo imekaza muda wote. Nyuma ndiko inakolegea, na ndiyo maana tenshena imefungwa nyuma ya bloku, chini ya kabureta. Ndani ya tenshena kuna kidole cha chuma kinachosukumwa na springi. Kidole kinasukuma reli ya mpira mgumu, na reli inasukuma cheni. Cheni ikirefuka, kidole kinatoka jino moja zaidi, na kina kijino cha kukizuia kisirudi nyuma.

Pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG hazina kitu hiki kabisa. Kamshafti yao iko chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na pushirodi, yaani vijiti virefu vya chuma. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliikwepa cheni hiyo kwa makusudi, ili injini iwavumilie watu wasiobadilisha oili. Juzi kijana mmoja kaniletea ya namna hiyo, anataka tenshena mpya, na dukani walikuwa tayari kumuuzia.

Kabla hujashika spana, hakikisha mlio ni wa cheni. Valvu zilizolegea nazo zinalia, ila zinalia tik-tik-tik ya mpangilio, kama cherehani, na sauti iko juu kwenye hedi. Chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye mwili wa tenshena, mpini uweke kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Kisha hamishia kwenye kifuniko cha valvu. Utasikia tofauti. Ukiwa bado na shaka, pima nafasi ya valvu kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa ya baridi, uzirekebishe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, halafu sikiliza tena. Na angalia oili. Nimeshawahi kufungua tenshena nzima kumbe injini ilikuwa na oili ya kulowesha kidole tu.

Sasa kazi. Injini iwe imepoa. Fungua vifuniko viwili vya duara kwenye kava ya magneti: cha katikati cha kuingiza spana ya boksi ya kuzungushia, na kidogo cha juu cha kuchungulia alama. Toa plagi ili injini iwe nyepesi. Fungua pia vifuniko vya valvu. Zungusha magneti kinyume cha saa ukiwa umekaa upande wa kushoto, mpaka alama ya T isimame kwenye alama ya kava. Tikisa roka, vile vijikono vinavyobonyeza valvu, kwa vidole. Zote mbili zikicheza kidogo, pistoni iko juu na valvu zote zimefunga. Hapo ndipo panapotakiwa. Zikikaza, zungusha mzunguko mmoja kamili uje kwenye T tena. Kuanzia hapo mtu asiguse kiki, asiweke gia na kusukuma pikipiki. Tenshena ikiwa nje na injini ikazunguka, cheni inaweza kuruka jino, na ikiruka meno ya kutosha valvu inakutana na pistoni.

Nenda nyuma ya bloku. Kabureta ikikuzuia, ilegeze uisogeze pembeni. Usiwe mvivu wa dakika tano ukaja kuharibu kichwa cha boliti. Tenshena ina boliti mbili za kuishika kwenye bloku na moja kubwa katikati. Anza na ya katikati. Ilegeze taratibu huku kidole gumba kimeisukuma, maana springi iko nyuma yake na inapenda kurukia kwenye mchanga. Toa springi. Ndipo ufungue zile mbili, uvute tenshena nzima na gasketi yake.

Mpangilio huo nina sababu ya kuusisitiza. Nilipokuwa bado najifunza kazi, ilikuja Boxer inavuja oili kwenye gasketi hiyo. Nililegeza zile boliti mbili tu, mizunguko minne mitano hivi, nikaona gasketi nzima, nikasema basi nikaze tu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nilipolegeza, kidole kilitoka meno kadhaa kujaza nafasi, na hakirudi. Nilipokaza, niliisukuma reli kwa nguvu ya boliti mbili za chuma. Injini iliwaka, ikawa inavuma kama feni, nami nikajisifu kwamba mlio umeisha. Yule bwana alifika Mang'ula ndipo akapiga simu. Reli ilikuwa imekatika vipande, na vipande viko kwenye chujio la oili. Nililipa kwa mshahara wa mwezi na nusu. Kwa hiyo ukilegeza boliti hizo hata kidogo, toa tenshena yote, rudisha kidole ndani, uanze upya.

Ukiishika mkononi, usikimbilie kuitupa. Hesabu kwanza kidole kilikuwa kimetoka kiasi gani, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoonekana, na mafundi wengi wanapapita. Kama kimetoka nusu au pungufu, na ukikisukuma kwa gumba bila kubonyeza kijino kinateleza kurudi ndani, basi meno au kijino vimekwisha, na tenshena ndiyo mgonjwa. Weka mpya. Vivyo hivyo springi ikiwa fupi kuliko mpya ukizisimamisha pamoja mezani. Lakini kama kidole kimetoka mpaka mwisho na meno bado makali, tenshena haina kosa. Imefanya kazi yake yote, imeishiwa urefu. Cheni ndiyo imerefuka au reli zimeliwa, au vyote viwili. Ukiweka tenshena mpya hapo itatoka nayo mpaka mwisho siku hiyo hiyo, na mlio utakaa kimya wiki moja ukikuheshimu.

Wapo wanaovuta springi iwe ndefu, wapo wanaoweka washa nyuma yake, na wapo wanaochomelea nati na kuweka boliti ndefu ya kukaza kwa mkono. Hiyo ya boliti ninaielewa kwa mtu aliyekwama Mlimba usiku. Ila mkono wa mtu haujui kuacha. Tukisikia mlio bado upo tunaongeza robo mzunguko, kisha robo nyingine, na cheni inayovuma inakula reli haraka kuliko inayochakacha.

Tenshena mpya ijaribu dukani kabla ya kulipa. Bonyeza kijino, sukuma kidole: kiingie laini bila kukwamakwama. Achia kijino, kivute nje, halafu kisukume bila kubonyeza: kisirudi hata jino moja. Muuza duka akikuharakisha, nenda la jirani.

Kurudisha ni rahisi ukizingatia mpangilio. Safisha uso wa bloku, toa mabaki yote ya gasketi ya zamani, na usitumie bisibisi kukwangua maana aluminiamu inachimbika. Weka gasketi mpya, usipake silikoni ya kumwaga. Ikibanwa inaingia ndani na kwenda kuziba njia za oili. Bonyeza kijino, ingiza kidole chote ndani, funga mwili wa tenshena kwa boliti zake mbili. Ni boliti za milimita 6 kwenye aluminiamu, zinataka nguvu ya 10 Nm hivi. Kama huna toki renchi (spana ya kupimia nguvu), shika spana karibu na kichwa, si mwisho wa mkia. Mwisho, ingiza springi na boliti ya katikati na washa yake. Utasikia tak-tak-tak, kidole kinakwenda kukutana na reli. Sauti hiyo naipenda mpaka leo.

Kuna tenshena nyingine, utaikuta kwenye baadhi ya pikipiki, haina meno bali ina skrubu ndani. Hiyo unatoa boliti ndogo ya nyuma, unaingiza bisibisi bapa nyembamba, unazungusha kwa mwendo wa saa na kidole kinajirudisha. Tatizo ukiachia kinaruka nje. Mimi nimekata kipande cha bati la kopo la rangi chenye umbo la T, kinaingia kwenye mpasuo na kujishika mdomoni mwa tenshena. Ukishafunga, unachomoa bati, kidole kinatoka chenyewe.

Sasa tuseme umeona kidole kimetoka chote. Hapo ni kazi ya siku nzima. Mwaga oili, shusha tangi, eksozi na kabureta. Sproketi ya kamshafti ina alama zake, na injini ikiwa kwenye T zinatakiwa zilingane na ukingo wa hedi. Zitazame kabla ya kufungua chochote: kwa cheni iliyorefuka utaziona zimechelewa kidogo, hazijafika mstarini, na ndiyo maana mwenyewe alikuwa analalamika pikipiki haipandi mlima na mzigo. Piga picha kwa simu. Toa sproketi, funga cheni kwa waya ili isizame, ziba tundu kwa kitambaa safi, kwa sababu boliti inayodondoka humo itakutafuta mpaka usiku. Legeza boliti za hedi kwa kukatisha pembe, kidogo kidogo kila moja, nyanyua hedi. Reli ya mbele inachomoka kwenda juu. Reli ya nyuma imeshikwa chini karibu na kranki, kwa hiyo magneti lazima litoke, na linatoka kwa pula yake, kifaa cha kulivuta. Nyundo hapana. Sumaku zikiachia gundi umenunua magneti.

Reli yenye mifereji miwili iliyochimbwa na cheni, au iliyokauka na kupasuka, haina maisha. Cheni nunua pamoja na sproketi ya juu, kwa sababu meno yaliyochongoka yataila mpya. Ile ndogo ya kranki mara nyingi imepigwa presi, itazame tu kama meno bado yana mabega. Na ukiona reli ina pengo, kipande kiko mahali fulani: fungua chujio la oili ukitafute mpaka ukipate.

Wakati wa kuvalisha cheni mpya, magneti likiwa kwenye T na valvu zikiwa zimefunga, hakikisha upande wa mbele umekaza kabisa. Ulegevu wote uwe nyuma. Halafu, kabla ya kufunga tenshena, ingiza kijiti laini au kidole chako kwenye tundu lake usukume reli, ndipo utazame alama. Watu wanatazama alama cheni ikiwa imelegea, wanaona imelingana, wanafunga tenshena na alama inasogea. Jino moja tu, injini inakuwa nzito.

Iwe umebadilisha tenshena peke yake au vyote, kabla ya kuwasha zungusha injini kwa boksi mizunguko miwili kamili, taratibu, plagi ikiwa nje. Ikigoma mahali, simama. Usilazimishe, hiyo ni valvu inakuambia kitu. Isipogoma, rudi kwenye T, alama zote zilingane tena. Rekebisha valvu, weka oili, kisha washa.

Sekunde chache za mwanzo inaweza kulia mpaka oili ipande juu. Baada ya hapo unatakiwa usikie eksozi, na valvu kwa mbali. Ukisikia mvumo mwembamba unaopanda na mafuta, cheni imekaza mno. Zima, rudi kwenye tenshena. Mimi humwambia mteja azunguke mpaka kivukoni na kurudi, kisha napitisha kidole changu chini ya tenshena kuona kama oili inavuja. Kikitoka kikavu, namrudishia ile ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, akamwonyeshe mwenye pikipiki pesa ilikokwenda.