Mjue mnyoo kwanza, ndipo ununue dawa

Mfugaji wa Dagoretti au Kangemi, jijini Nairobi, akiona ng'ombe amekonda, maziwa yamepungua na uvimbe umeanza chini ya taya, hukimbilia agroveti kuomba "dawa ya minyoo". Mara nyingi hupewa ivamektini au levamisoli. Wiki zinapita, ng'ombe ni yule yule, pesa zimekwisha.

Minyoo si ukoo mmoja. Dawa hizo mbili ni za minyoo mviringo, wa faila (kundi kubwa la wanyama) ya Nematoda. Minyoo bapa wako katika faila nyingine kabisa, Platyhelminthes, wala dawa hizo haziwadhuru. Humo mna ngeli, yaani makundi madogo, mbili zinazomhusu mfugaji: Cestoda, yaani tegu, wenye pingili nyingi; na Trematoda, wenye umbo la jani, wakiwemo minyoo wa ini.

Kwa ng'ombe, anayenitia wasiwasi zaidi ni mnyoo wa ini aitwaye Fasciola gigantica, ambaye hufikia sentimita 7. Ini lililoshambuliwa kwa muda mrefu likipasuliwa machinjioni, mirija ya nyongo huwa minene na migumu, kisu kinakwaruza kana kwamba kuna mchanga.

Mayai yake hutoka na kinyesi na kuangukia majini. Kiluwiluwi humwingia konokono wa majini, hukua humo, kisha hutoka na kujibandika kwenye nyasi ndani ya kifuko kigumu. Ndiyo maana hata ng'ombe asiyetoka zizini huambukizwa: nyasi zake zimekatwa kando ya mto au kwenye kinamasi. Kata mahali pakavu. Ukikosa, acha sehemu iliyokuwa majini, na nyasi uzianike zikauke kabisa kabla ya kulisha.

Ukipeleka kinyesi maabara, sema wazi kwamba unashuku minyoo wa ini. Mayai yao ni mazito, huzama, kwa hiyo kipimo cha kuelea kwenye maji ya chumvi huwakosa kwa urahisi. Tena minyoo wachanga hawatagi kwa miezi kama 3, ingawa tayari wanatafuna ini.

Triklabendazoli huua wachanga na wakomavu. Albendazoli huua wakomavu tu, kwa dozi kubwa kuliko ya minyoo mviringo, na ng'ombe mwenye mimba changa asipewe. Kama unakamua, mwulize daktari wa mifugo kabla hujanunua: baadhi ya dawa hizi haziruhusiwi kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu.